Swali Namba 14

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba tuwape likizo fupi waume wenye simu mbili na mawifi wasiobisha hodi. Nimetoka Sumbawanga, na nimerudi na jambo ambalo nisipoliandika hapa nitaendelea kulala nalo kitanda kimoja.

Nilikwenda kwenye kipaimara. Mama yangu mdogo anaishi Majengo, na nilishaahidi kwenda mara nne, kila mara nikisingizia kazi. Kutoka Dar ni zaidi ya kilometa 1,100. Unalala Mbeya kama una akili, asubuhi unafika Tunduma, unakata kulia unauacha mpaka wa Zambia, unapita Laela, na uwanda wa Ufipa unakufungukia wote: magunia ya mahindi pembeni ya barabara, alizeti zilizoinamisha vichwa, na upepo. Jamani ile baridi ya Julai! Nilivaa sweta mbili na kitenge juu yake, bado mama mdogo akanicheka kwamba Dar imenilegeza.

Usiku wa pili wageni walishatawanyika. Nikabaki jikoni na binti yake, tumelizunguka jiko la mkaa kama paka. Mdogo wangu huyu ana miaka 26, ana diploma ya uhasibu, na ana mwandiko mzuri kuliko watu wote ninaowafahamu. Akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki.

"Dada, nisaidie kitu kimoja tu. Wewe ndiye unayeajiri watu huko Dar."

Ilikuwa fomu ya kurasa mbili. Alikuwa amefaulu usaili kwenye kampuni moja inayonunua mahindi na alizeti kwa wakulima. Sitaitaja. Walimtaka awe karani wa malipo, ila kabla ya mkataba ajaze fomu ile na kuirudisha Jumatatu. Alishajaza yote: jina, mdhamini, shule, ndoa (hajaolewa, ana mchumba mwalimu kule Laela). Swali namba 14 lilikuwa wazi. Liliuliza hivi: je, una ugonjwa wowote wa kudumu? Kama ndiyo, taja. Na chini kabisa, juu ya mahali pa sahihi, kulikuwa na yale maneno ya kutisha kwamba ukibainika umedanganya utachukuliwa hatua.

Mdogo wangu ana kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka 11.

"Niandike nini?" akaniuliza.

Nilijifanya kuchochea mkaa. Sikuwa na jibu, na sababu ya kutokuwa nalo ni aibu yangu mwenyewe. Basi leo niitoe.

Mwaka 2019, kwenye ofisi niliyokuwa nafanya kazi kabla ya hapa, tulitafuta msoma prufu. Tulikuwa watatu kwenye meza ya usaili. Akaingia msichana mmoja, suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Tulimpa ukurasa wenye makosa 20 tuliyoyapandikiza wenyewe. Akayakuta 23. Yaani matatu yalikuwa ya kwetu halisi! Tulicheka, tukampenda pale pale. Tulipomuuliza kama ana lolote la kuongeza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningependa mjue mapema kwamba nina kifafa. Natumia dawa, na nina mwaka mzima sijaanguka."

Mwenzetu mmoja akauliza, "Sasa ukianguka hapa tutafanyaje?" Akaeleza vizuri, pole pole, kama mwalimu. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, angalia saa, na ikipita dakika 5 hajatulia mpelekeni hospitali. Akashukuru, akatoka.

Mlango ulipofungwa bosi akasema, "Tuwe wakweli jamani. Ile siku ya kupeleka gazeti mtamboni, hapa ni vita." Hakuna aliyembishia. Kila mmoja akaangalia karatasi yake ya alama. Mimi, mwenye shahada yangu ya mawasiliano ya umma, niliyewahi kuandika insha nzima chuoni kuhusu unyanyapaa kwenye vyombo vya habari, nilimpa 5 kati ya 10 kwenye kipengele cha kujiamini. Kujiamini! Msichana pekee siku ile aliyetuambia ukweli bila macho kumcheza.

Tulimchukua kijana aliyekuta makosa 14.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiuliza, kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni kilikuwa: andika "hapana". Andika hapana, weka sahihi, nenda kazini. Nawajua waajiri. Nilishakuwa mmoja wao.

Sikusema. Nilimuuliza mambo mengine kwanza, kwa sababu niligundua kwamba miaka 15 mdogo wangu anaumwa nami sijawahi kumuuliza hata swali moja la maana kuhusu ugonjwa wake.

Ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Aliangukia mafiga akiwa darasa la sita. Siku ya usaili alivaa mikono mirefu. Kwa baridi ile hakuna aliyeshangaa. Miaka mitatu ya kwanza hakupelekwa hospitali, alipelekwa kwa waganga. Na hapa najua msomaji wa Dar umeshaanza kutabasamu, maana ukitaja Sumbawanga mjini kwetu utani ni ule ule: "usiniroge bwana". Wazee wa pale wanakwambia jina lenyewe kwa Kifipa ni kutupa uchawi, wenye uchawi wauache nje ndipo waingie. Lakini tusiwacheke Wafipa. Dar yenyewe, Tanga, Mwanza, mtu akianguka stendi watu wanakimbia, kwa sababu tumeaminishwa kwamba povu lile linaambukiza. Haliambukizi. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Hakipiti kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kulala kitanda kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 50 wanaishi nacho, wengi wao kwenye nchi zenye kipato kama cha kwetu, na kwamba asilimia 70 hivi wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa sahihi na kuzitumia bila kukatiza. Tena dawa kama fenobabitoni ni za siku nyingi na si za bei ya kutisha. Kinachouma ni zinapokosekana dirishani.

Wacha niongeze na hili kwa wapenzi wa kitimoto, maana nyanda za juu kusini tunaijua sana. Chanzo kimojawapo cha kifafa kwenye maeneo yanayofuga nguruwe huria ni minyoo ya tegu. Ukila nyama yenye tegu isiyoiva vizuri unapata mnyoo wa tumboni. Kinachoingia kichwani ni mayai yake, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo na kukufikia wewe kwa mboga, maji au mikono isiyonawa. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata. Vyanzo vingine ni vingi: kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria kali ya kupanda kichwani, ajali. Cha mdogo wangu hakijulikani mpaka leo. Anameza kabamazepini asubuhi na jioni, na mara ya mwisho kuanguka ilikuwa miaka miwili na miezi minne nyuma, alipokesha kwenye msiba wa babu na kuruka dozi.

Kumbuka hilo la kukesha. Nitalirudia.

Basi kesho yake, badala ya kwenda kutembea, nikakaa na simu yangu na sheria. Nikampigia na rafiki yangu wa chuo ambaye sasa ni wakili, na kwa kuwa ni rafiki alinisikiliza bure.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua, wazi wazi au kwa kuzunguka, kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri na mengineyo. Wengi wetu tunadhani hiyo ni kwa aliyeshaajiriwa. Hapana. Kifungu hicho hicho kinasema neno mwajiriwa linamjumuisha na mwombaji kazi, na kinagusa matangazo ya kazi na namna ya kuchagua watu. Na ukionyesha dalili za msingi kwamba umebaguliwa, mzigo wa kujieleza unamwangukia mwajiri. Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Si lazima uanze na mahakama.

Nilifurahi kwa dakika kama mbili. Halafu rafiki yangu akaniambia, "Umeona kifafa hapo?" Sikukiona. Kifafa hakijatajwa kwa jina. Wala kisukari, wala selimundu, wala pumu. VVU vimetajwa, ulemavu umetajwa. Mwenye kifafa anaweza kujenga hoja kupitia mlango wa ulemavu, kwa sababu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haiangalii kiungo peke yake, inaangalia pia vikwazo vinavyoletwa na mtazamo wa watu na taasisi. Ni hoja nzuri, ila ni hoja. Unatakiwa uijenge, uitetee, ukiwa huna kazi na huna nauli.

Tena fikiria karatasi yangu ya alama ya mwaka 2019. Imeandikwa kujiamini, 5. Hakuna mahali palipoandikwa kifafa. Msichana yule angekwenda CMA na nini mkononi?

Wapo waliokwenda mahakamani wakashinda. Kule Afrika Kusini kulikuwa na Jacques Hoffmann, aliyeomba kazi ya uhudumu wa ndege South African Airways mwaka 1996. Alipita usaili hatua zote, wakapatikana 12, akapimwa afya akaonekana anafaa. Kisha damu ikaonyesha ana VVU, akaambiwa hafai. Shirika lilidai wahudumu lazima wachanjwe homa ya manjano, na kwamba mwenye virusi hataishi muda wa kutosha kulipa gharama za mafunzo. Akashindwa Mahakama Kuu, akakata rufaa, na tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba ikaamuru apewe kazi. Nilichokipenda kwenye kesi ile ni kwamba shirika halikuwa likiwapima wahudumu liliokuwa nao tayari angani. Yaani waliokuwa ndani hawakuulizwa, aliyekuwa mlangoni ndiye alikuwa hatari.

Kwa VVU, hapa kwetu mambo yako wazi zaidi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 hairuhusu mwajiri kukulazimisha kupima, na majibu yako ni siri yako. Kama unatumia ARV na virusi vimefubaa, daktari atakwambia kwamba huambukizi hata mwenzi wako, sembuse mhasibu wa meza ya pili. Bosi hana anachodai hapo. (Mwenzi wako ana anachodai, tena kisheria, lakini hiyo ni safu ya mwezi mwingine.)

Na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Miaka yote kwenye kurasa hizi tumekuwa tukihubiri uwazi: mwambie mchumba, mwambie kabla ya posa. Bado nasimamia hapo. Mchumba unampa mwili na maisha yako. Mwajiri unampa saa 8 za kazi. Kiasi cha ukweli anachostahili kinalingana na kile anachonunua. Mdogo wangu alimwambia mwalimu wake wa Laela mwezi wa tatu wa uhusiano, akilia, na mwalimu akajibu, "Nilishajua, kwaya nzima inajua." Wamecheka mpaka leo. Lakini kwaya haikuajiri.

Kwa hiyo msimamo wangu mimi, na usiponiunga mkono niandikie tugombane, ni huu. Kwenye barua ya maombi na kwenye CV, usiandike kitu. Pale watu wanatafuta sababu ya kupunguza mlima wa bahasha, usiwape kisu. Hata kwenye usaili, usipoulizwa, si dhambi kunyamaza. Umekuja kueleza unachoweza. Kazi za serikali ni tofauti kidogo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza watu wenye ulemavu waombe na waonyeshe hali yao kwenye mfumo, na ile sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea kuwa na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Kama hali yako inakuingiza huko, kujitaja kunaweza kukufaa.

Lakini ukiulizwa wazi, kwa maandishi, juu ya sahihi yako, usidanganye. Hapa nilibadilika kabisa kutoka lile jibu la usiku wa kwanza. Rafiki yangu wakili alinieleza hivi: leo mwajiri akikunyima kazi kwa ajili ya kifafa, kosa ni lake. Ukiandika "hapana", siku akigundua ana sababu safi ya kukuondoa, na hahitaji hata kutamka neno kifafa. Atasema ulidanganya. Umembadilishia kesi yake kwa kalamu yako mwenyewe.

Jibu la kweli, hata hivyo, halilazimiki kuwa refu. Unaweza kuandika kwamba una hali ya kiafya inayodhibitiwa kwa dawa, haikuzuii kufanya kazi hii, na uko tayari kupimwa na daktari. Kupimwa afya kabla ya kuanza kazi kupo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Swali la daktari ni moja: huyu anafaa kwa kazi hii au hafai? Huko ndiko jina la ugonjwa linakotakiwa kutajwa, kwenye chumba chenye mlango. Kwenye faili la utumishi linalopitiwa na kila karani anayetafuta picha ya pasipoti, hapana.

Nilimsomea mdogo wangu haya yote kwa mbwembwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, akasema, "Sawa dada. Na pikipiki je?"

Pikipiki gani tena?

Akanionyesha tangazo la kazi. Mstari wa mwisho kabisa: mwombaji awe anaweza kuendesha pikipiki. Msimu wa ununuzi karani wa malipo anatumwa vijijini kulipa wakulima. Si Matai tu huko kwenye barabara ya kueleweka. Anatumwa bondeni pia, Muze, Mtowisa, Ilemba. Ambaye hajawahi kushuka Lyamba lya Mfipa, huo ni ukingo ambao Ufipa inakatikia, chini unaliona bonde la Ziwa Rukwa, na barabara inashuka kwa kona baada ya kona. Mdogo wangu anajua kuendesha. Kaka yake alimfundisha akiwa sekondari. Kwenye usaili walimuuliza kama anaweza, akasema ndiyo, na ilikuwa kweli.

Nikahisi baridi ambayo haikuwa ya Julai.

Kwa sababu hapa sheria nayo inabadilika sauti. Kifungu kile kile cha 7 kinasema si ubaguzi kumchuja mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe kwa asili yake inaidai. Ndiyo maana hakuna anayelia ubaguzi mwenye kifafa akikataliwa urubani. Swali ni kama pikipiki ni kazi au ni namna tu waliyoizoea ya kuifanya kazi. Kulipa wakulima na kufunga hesabu, hiyo ni kazi. Kufika kijijini unaweza kufika ukiwa umekaa nyuma ya dereva, na kampuni ile ina madereva. Mimi nasema pikipiki haikuwa asili ya kazi. Bosi angeweza kusema ilikuwa. Lakini kabla ya kubishana naye ilibidi mdogo wangu ajibu mwenyewe kwamba je, angeshuka kwenye zile kona peke yake, na fedha za watu begani, siku amelala saa tatu?

Maana na hilo lilikuwepo. Msimu ukichanganya wanafunga hesabu usiku wa manane. Na kwake kukesha ndiko kunakomwangusha.

"Kwa hiyo unaona dada," akasema, "wewe unanipa namna ya kujibu lile swali. Mimi nina vitu viwili nataka kuwaomba. Nitawaombaje bila kusema?"

Mwenzangu, nilisoma miaka mitatu chuo kikuu na hakuna mhadhara ulionipa sentensi iliyonyooka kama ile. Nilikuwa nimelichukulia jambo hili kama siri, ya kufichwa au kufichuliwa. Yeye alikuwa analichukulia kama mhasibu: nahitaji nini, na gharama yake ni ipi. Angekuwa anaomba kazi ya mezani kutwa, saa 2 mpaka saa 10, asingehitaji kitu chochote kwao, na pengine angeandika ule mstari mmoja na kunyamaza. Kwa kazi hii, kunyamaza kungemweka kwenye zile kona.

Jumatatu alikwenda. Tulikubaliana asiache fomu mapokezi, aombe kuonana na mama wa utumishi uso kwa uso. Alibeba barua ya daktari wake inayosema amedhibitiwa, anafaa kwa kazi za ofisi na fedha, asiendeshe chombo cha moto na asifanye kazi za kukesha. Mimi nilimsubiri nje ng'ambo ya barabara nikila mahindi ya kuchoma, moyo unadunda kana kwamba ni mimi niliyeomba kazi. Alikaa ndani dakika 40.

Alipotoka aliniambia mama yule alikuwa mpole. Alimuuliza kama kinaambukiza. Akamuuliza kama ataweza kuzaa (eti!). Akasema angeongea na mkurugenzi, kisha akamalizia kwa lile neno letu la taifa: "Tutakupigia."

Hawakupiga. Nikarudi Dar. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mama mdogo akaanza kunitumia meseji za lawama kwa mafumbo: mwanangu, wasomi mna mambo. Nilijua anachosema. Binti angeandika hapana, sasa hivi angekuwa na kazi. Nami usiku nilianza kuamini hivyo hivyo. Nilijiona nimemfanyia mdogo wangu kile nilichomfanyia yule msichana wa suti ya kijivu, safari hii kwa nia njema.

Siku ya 17 walipiga. Wamemchukua. Mkataba wa mwaka mmoja, ofisini mjini, saa za kawaida, na msimu wa kufunga hesabu ataingia asubuhi mapema badala ya kukaa usiku. Vijijini hatakwenda, hata kwa kubebwa. Na kwa kuwa haendi vijijini, hapati posho ya vijijini, ambayo wenzake wanasema msimu mzuri inakaribia nusu ya mshahara.

Nilipiga vigelegele kwenye simu. Yeye hakupiga. "Dada, mimi sikusema siwezi kwenda. Nilisema siwezi kuendesha." Amekasirika, na ana haki. Ameshaandika barua ya kuomba apangiwe dereva kwenye safari za karibu, kwa kuanzia Matai. Mwandiko wake ule ule mzuri. Meza yake iko karibu na mlango, na amewafundisha wenzake wawili nini cha kufanya akianguka. Mmoja bado anaosha kikombe chake peke yake.

Alipomaliza kulalamika kuhusu posho akaniuliza, "Na yule dada uliyemnyima kazi, ulishamtafuta?"

Nilikuwa nimemsimulia siku ile ya mahindi ya kuchoma, nikidhani amesahau.

Nilimtafuta. Ilibidi nimwombe mtu wa ofisi ile ya zamani anichimbulie barua yake. Namba ya simu iliyoandikwa haipo tena hewani. Anwani ni sanduku la posta la shule moja aliyokuwa akijitolea, na shule wanasema aliondoka mwaka 2020. Nimemwandikia kupitia mwalimu mkuu, kurasa mbili. Sijui kama itafika, na sijui kama akiipata atataka kuisoma.

Hapa ofisini kwetu nimeomba kitu kimoja: swali la afya litoke kwenye fomu ya maombi, liende kwa daktari, baada ya mtu kuambiwa amepata kazi. Mhasibu wetu amenuna wiki nzima kwamba nitamletea wagonjwa. Nikamkumbusha presha yake. Sheria inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa kila miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, na mwaka jana alizitumia vizuri tu bila mtu kumuuliza. Hajanijibu. Fomu mpya inachapwa Alhamisi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tunarudi kwa mawifi.